Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Ndani kwa Mkimbiaji Hali ya Hewa Inapozuia Kutoka

Mkimbiaji anayefungua mlango alfajiri, viatu vikiwa tayari miguuni, akakuta mvua ya radi imetanda, mara nyingi huchagua moja kati ya mambo mawili: hurudi kulala, au huanza kurukaruka sebuleni bila mpango wowote hadi jasho limtoke, kisha akahesabu kwamba amefanya mazoezi. La pili ni afadhali kuliko la kwanza, lakini bado linampunja. Jasho si kipimo cha mazoezi, kwa sababu ndani ya chumba kisichopitisha hewa hata mtu anayepiga deki hulowa. Swali linalofaa kuulizwa kabla ya kugusa kamba au kupanda ngazi ni hili: mbio za leo zilikuwa na kazi gani mwilini, na ni zoezi gani la ndani linaloweza kuifanya kazi hiyo hiyo? Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: amua kama kweli hupaswi kutoka

Manyunyu, upepo wa kawaida na baridi ya kuvumilika si sababu ya kubaki ndani kwa mtu mwenye afya njema na mavazi yanayofaa. Radi ni jambo jingine kabisa. Sauti husafiri takriban kilomita 1 kwa kila sekunde 3, kwa hiyo unapouona mmweko wa umeme hesabu sekunde hadi uisikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Ukihesabu sekunde 30 au pungufu kabla ya kugawanya, dhoruba iko umbali wa kilomita 10 hivi au karibu zaidi, na hapo ni lazima uwe ndani. Kaa ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekatika, maana radi huweza kupiga mbali na mahali ambapo mvua inanyesha. Barafu barabarani, maji ya mafuriko yanayoficha mashimo, upepo wa kuangusha matawi, moshi au vumbi zito, na joto kali lenye unyevu mwingi ni sababu nyingine za kutosha za kuahirisha safari.

Kabla ya kuendelea, jipime pia uchovu. Ikiwa wiki imekuwa nzito na mvua imekuja siku ambayo miguu ilikuwa ikilalamika, pumzika bila kujilaumu. Uwezo wa moyo na mapafu haupotei kwa kukosa mazoezi siku 2 au 3. Kwa kawaida huanza kushuka kwa kiasi kinachoonekana baada ya wiki 2 hivi za kukaa bila kufanya lolote. Mazoezi ya ndani huwa ya lazima pale hali mbaya inapodumu, au pale mazoezi yaliyokosekana ndiyo yaliyokuwa muhimu kuliko yote ya wiki hiyo.

Hatua ya pili: zitambue mbio ulizokuwa umezipanga, uzigeuze kuwa dakika

Kilomita hazina maana ndani ya chumba. Kinachohamishika kutoka barabarani hadi sebuleni ni muda na kiwango cha juhudi, na viwili hivyo vinatosha. Mtu aliyepanga kilomita 6 nyepesi, ambazo humchukua dakika 40, aandike kwenye daftari lake: dakika 40, juhudi ndogo. Aliyepanga kukimbia kwa kasi mara 6, kila mara dakika 2, aandike dakika 12 za juhudi kubwa zilizokatwa na mapumziko.

Kupima juhudi hakuhitaji kifaa. Katika juhudi ndogo unaweza kusema sentensi nzima bila kuikata ili kuvuta pumzi, lakini kuimba kunakushinda. Katika juhudi ya kati unatoa maneno machache, kisha pumzi inakulazimu kunyamaza. Katika juhudi kubwa hutaki kuulizwa neno. Kanuni ya kutoa umri wako kutoka 220 ili kupata mapigo ya juu ya moyo ni makisio tu, na hukosea kwa watu wengi kwa mapigo 10 au zaidi kwa dakika. Kipimo cha kuzungumza kinaaminika zaidi, hasa ndani ya nyumba ambako joto la chumba lenyewe hupandisha mapigo.

Hatua ya tatu: tayarisha mahali

Eneo la mita 2 kwa mita 2 linatosha. Ondoa zulia linaloteleza, meza yenye kona kali na nyaya za umeme, kisha inua mikono juu uhakikishe haigusi taa wala feni ya darini. Fungua dirisha upande usiopigwa na mvua, au washa feni ya mezani ikuelekee kifuani. Jambo hili si anasa. Mtu anapokimbia nje, mwendo wake wenyewe humtengenezea upepo unaokausha jasho na kuupoza mwili. Anapokimbia palepale, hewa iliyomzunguka hupata joto na unyevu, jasho hutiririka badala ya kukauka, na mwili huchemka mapema. Weka maji karibu na unywe kadiri kiu inavyodai.

Vaa viatu vyako vya kukimbilia. Sakafu ya saruji au vigae ni ngumu, na mtu asiyezoea kukimbia pekupeku hapaswi kuanzia huko. Kama unakaa ghorofani, tandika mkeka mnene na upange vipindi vya kuruka saa ambazo watu wa chini hawajalala.

Hatua ya nne: pasha mwili joto kwa dakika 8 hadi 10

Nje, kilomita ya kwanza ya polepole hufanya kazi hii yenyewe, na ndiyo maana wengi huisahau wanapokuwa ndani. Anza kwa kutembea palepale dakika 2. Endelea kwa kuzungusha vifundo vya miguu, kubembeza mguu mmoja mbele na nyuma mara 12 huku ukishika ukuta, kisha ubadilishe. Chuchumaa polepole mara 10, inuka kwa vidole vya miguu mara 15, na umalizie kwa dakika 2 za kukimbia palepale kwa wepesi sana. Kunyoosha misuli kwa kushikilia mkao mmoja muda mrefu kuache hadi mwisho wa mazoezi.

Hatua ya tano: fanya zoezi linalolingana na mbio zilizokosekana

*Badala ya mbio nyepesi.* Kukimbia palepale kunadharauliwa, na dharau hiyo imetokana na watu kulifanya zoezi hilo vibaya. Kwanza elewa tofauti iliyopo. Barabarani, misuli ya makalio na ya nyuma ya paja huusukuma mguu kuelekea nyuma ili mwili uende mbele. Ukikimbia palepale, mwili hupanda na kushuka tu, kwa hiyo misuli hiyo hukaa karibu bure wakati mashavu ya miguu yanabeba mzigo mkubwa. Dawa yake ni kukata mbio hizo kwa mazoezi yanayofanya nyonga ifunguke kuelekea nyuma.

Kimbia palepale dakika 4, kisha tumia dakika 1 kwa zoezi moja la nyonga, na urudie mzunguko huo mara 6 ili upate dakika 30. Katika dakika ya kwanza ya nyonga, lala chali, kunja magoti, kanyaga sakafu, uinue kiuno hadi mapaja na kiwiliwili vifanye mstari mmoja, ushuke polepole. Katika ya pili, simama wima, rudisha mguu mmoja nyuma kwa hatua ndefu huku ukishuka hadi goti likaribie sakafu, inuka, ubadilishe mguu. Katika ya tatu, egemea ukuta kwa viganja, mwili ukiwa umeinama mbele wote kwa pamoja kuanzia kisigino hadi kichwa, kisha pandisha magoti kwa zamu kana kwamba unausukuma ukuta huo uhame. Zoezi hili la ukuta ndilo lililo karibu zaidi na mwendo wa kukimbia kati ya yote yanayowezekana bila mashine, nami ningelichagua hata kama ningeruhusiwa moja tu. Baada ya hapo rudia matatu hayo kwa mpangilio uleule.

Wakati wa kukimbia palepale, hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini ndani ya dakika moja. Mara 80 hadi 85 ni kiwango kizuri, maana yake ni hatua 160 hadi 170 kwa miguu yote miwili. Ili kujua kama unatua kwa utulivu, weka glasi ya maji sakafuni karibu na ukuta, hatua mbili kutoka ulipo, uitazame. Uso wa maji ukitetemeka kila unapokanyaga, unatua kwa uzito: kunja magoti kidogo zaidi, punguza urefu wa kuruka, uache sehemu ya mbele ya wayo itangulie na kisigino kiguse sakafu baadaye. Dakika chache za kuitazama glasi hiyo hufundisha utuaji mwepesi kuliko maelezo marefu, na faida yake utaibeba hadi barabarani. Kwenye sakafu ya mbao inayonesa maji yatatetemeka kwa vyovyote vile. Hapo tumia sikio, usikilize kishindo.

*Badala ya mbio za kasi.* Hapa kamba haina mpinzani kwa bei na kwa nafasi inayochukua. Ipime kwa kukanyaga katikati yake kwa mguu mmoja na kuvuta ncha zake juu. Mishikio ifike kwapani. Viwiko vikae karibu na mbavu, na kamba izungushwe na vifundo vya mikono, si mabega. Ruka sentimita 2 au 3 tu, kiasi cha kupitisha kamba. Dari ikiwa chini, ruka bila kamba huku mikono ikizunguka vilevile.

Aliyezoea aruke dakika 1 kwa juhudi kubwa, atembee palepale dakika 1, na arudie mara 10. Anayeanza aruke sekunde 20, apumzike sekunde 40, arudie mara 10, na aishie hapo kwa siku hiyo hata kama anajiona bado ana nguvu. Onyo hili nalitoa kwa uzito. Mara ya kwanza nilipobadilisha mbio nyepesi za dakika 40 kwa dakika 25 za kamba mfululizo, moyo na mapafu havikupata shida yoyote, lakini asubuhi iliyofuata mashavu ya miguu yalikuwa yamekakamaa kiasi kwamba nilishuka kitandani kwa kushika ukuta, na mbio zilisimama siku 5. Kwa mwendo wa miruko 120 kwa dakika, dakika 25 ni miruko 3,000, yote ikiangukia kwenye misuli ileile na kano ileile ya kisigino huku magoti yakiwa karibu yamenyooka. Pafu la mkimbiaji liko tayari kwa kazi hiyo kabla kano yake haijawa tayari, na pengo hilo ndilo linaloumiza watu.

Wengi hupendekeza pia vipindi vya sekunde 20 za kazi na sekunde 10 za mapumziko kwa dakika 4, vinavyojulikana kwa jina la Izumi Tabata, mtafiti wa Japani aliyechapisha na wenzake matokeo yake mwaka 1996. Inafaa kujua kwamba utafiti ule ulifanywa kwa baiskeli za mazoezi na kwa juhudi kubwa mno, kiasi cha kuwamaliza nguvu kabisa wanamichezo baada ya vipindi 7 au 8. Kuruka huku na huku kwa ratiba hiyohiyo bila juhudi hiyo ni zoezi zuri la kawaida, si lile lililopimwa. Kwa asiye na msingi imara wa mbio, sishauri.

*Badala ya mbio za mlima.* Kama jengo lina ngazi, umepata mlima. Ngazi ya vidato 15, kila kidato kikiwa na kimo cha sentimita 17, inakupandisha zaidi kidogo ya mita 2 na nusu. Kuipanda mara 20 ni sawa na kilima cha mita 51. Panda kwa nguvu, ukikanyaga kidato kwa wayo mzima au angalau nusu yake, na usukume kwa makalio badala ya kuvuta kwa mikono. Shuka ukitembea, mkono ukiwa kwenye kishikio. Kushuka ndiko kunakopumzisha pumzi, lakini pia ndiko kunakoleta maumivu ya mapaja siku moja au mbili baadaye, kwa kuwa misuli hufanya kazi ya breki huku ikirefuka. Kwa sababu hiyo anza na mizunguko 8 au 10. Hakikisha vidato ni vikavu, kwani siku ya mvua kila anayeingia huacha maji, na usizifanye ngazi za jengo uwanja wa mazoezi saa watu wanapozitumia kwa wingi.

Pasipo ngazi, tumia stuli imara au kidato kimoja chenye kimo cha sentimita 20 hadi 40 kilichoegemea ukuta. Panda na ushuke kwa mguu wa kulia ukitangulia dakika 1, kisha wa kushoto dakika 1, pumzika dakika 1, urudie mara 6.

*Badala ya mbio ndefu.* Maoni yangu ni kwamba mbio ndefu zisogezwe siku moja au mbili mbele badala ya kubanwa chumbani. Dakika 90 za kukimbia palepale huchosha akili na kuelemea miguu kwa namna ambayo barabara haielemei. Ikiwa wiki nzima imefungwa, gawanya dakika 60 kati ya kukimbia palepale, kidato, na kutembea haraka kwa magoti ya juu, ukibadilisha kila dakika 5, na ujue kwamba umelinda sehemu kubwa ya ulichokuwa nacho.

Kwa mwenye mashine

Mashine ya kukimbilia hubadilisha hesabu yote. Mwaka 2000 Christine Clark, daktari aliyeishi Anchorage huko Alaska, alishinda mashindano ya Marekani ya kuchagua mkimbiaji wa marathoni wa kike kwa ajili ya Olimpiki baada ya kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi juu ya mashine, ndani ya nyumba. Kwa hiyo mwenye mashine hana sababu ya kuogopa hata mbio ndefu. Ili kupata dakika kwa kila kilomita, gawanya 60 kwa mwendo unaoonyeshwa: kilomita 10 kwa saa ni dakika 6, na kilomita 12 kwa saa ni dakika 5. Watafiti Jones na Doust walionyesha mwaka 1996 kwamba mwinuko wa asilimia 1 hufidia ukosefu wa upepo wa kukinza. Kwa mwendo wa polepole tofauti ni ndogo, na mwinuko wa sifuri hauna ubaya. Anza ukiwa umesimama pembeni mwa mkanda, funga kamba ya usalama kwenye nguo, usining'inie kwenye vishikio, na uwaweke watoto mbali.

Baiskeli ya mazoezi hufaa zaidi kwa aliyetoka kuumia, kwa kuwa haina kishindo. Pandisha kiti hadi mguu unyooke kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa. Ukihamisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hiyo ndiyo nafasi sahihi.

Hatua ya sita: tumia dakika 15 kwa nguvu ya misuli

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya juhudi ya kati. Wakimbiaji wengi hutimiza la pili na kulisahau la kwanza, kwa hiyo siku ya dhoruba ni nafasi ya kulipa deni hilo. Inuka kwa vidole vya mguu mmoja, ukishika ukuta kwa ajili ya uwiano tu, mara 12 kila upande, ukitumia sekunde 3 kushuka. Inua kiuno kwa mguu mmoja ukiwa umelala chali, mara 10 kila upande. Shikilia planki ya mbele, yaani mwili umenyooka kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu, sekunde 30, kisha ya ubavu, juu ya kiwiko kimoja, sekunde 20 kila upande, bila kuacha kiuno kilegee. Simama kwa mguu mmoja sekunde 40. Ikiwa rahisi, fumba macho, nawe utahisi jinsi misuli midogo ya kifundo inavyohangaika kukuweka wima. Rudia yote mara 3. Goti likigeukia ndani unaposhuka au kuinuka, punguza idadi hadi uweze kulielekeza sawa na vidole vya mguu.

Acha zoezi lolote mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu makali ya sehemu moja ya mfupa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi apate kwanza ushauri wa daktari kabla ya vipindi vya juhudi kubwa.

Hatua ya saba: poa, andika, rudi nje kwa mpango

Tembea palepale dakika 5 hadi pumzi irudi. Hapo ndipo unaponyoosha mashavu ya miguu, mapaja mbele na nyuma, na nyonga, sekunde 30 kila sehemu. Badilisha nguo zilizolowa mara moja, kwani mwili hupoa haraka. Andika ulichofanya kwa dakika na juhudi, na uongeze mstari mmoja kuhusu sehemu iliyochoka zaidi. Mstari huo utakufaa dhoruba ikiendelea: kama jana mashavu ya miguu ndiyo yaliyochoka, leo chagua kidato au mazoezi ya nguvu, na uiache kamba. Usiruke kamba siku 2 mfululizo katika mwezi wa kwanza.

Hali ikitulia baada ya siku 3 au 4, mbio za kwanza za nje ziwe nyepesi, na usijaribu kufidia kilomita zilizopita. Ikiwa ulikaa ndani zaidi ya wiki 2, anza na theluthi mbili ya umbali uliouzoea na urudi kwenye umbali kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, ukitazama mahali unapokanyaga, kwa sababu barabara uliyoizoea itakuwa na matope, matawi na mashimo ambayo hayakuwapo ulipoiacha.